Kondomu ya kike saluni: namna ya kuiongelea hadi wanawake waichukue wenyewe

Ukianza na picha ya kidonda, umeshampoteza. Mwanamke anaitazama mara moja, anageuza shingo, na kinachobaki kichwani ni kinyaa. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo hapa Pasua, Moshi, na tangu nilipopata mafunzo ya uelimishaji rika huwa naongea na wateja kuhusu kinga ya magonjwa ya zinaa huku mikono ikiendelea na kazi. Rasta ndogo zinakula nusu siku. Mtu amekaa, hana pa kwenda, simu imeisha chaji. Nafasi kama hiyo nesi wa kliniki haipati, maana yeye ana foleni mlangoni.

Haya nawaandikia wasusi wenzangu, viongozi wa vikoba, na mwanamke yeyote ambaye wenzake humwambia siri. Karibu kila ninayeongea naye anajua UKIMWI unavyoambukizwa, elimu hiyo anayo tangu shule ya msingi. Anachokosa ni viwili: kukishika kitu chenyewe mkononi bila aibu, na maneno ya kukiingiza nyumbani bila vita. Sitaongelea zaidi ya hayo, isipokuwa pale wateja wanaponivuta kwingine, na wananivuta kweli.

Kwanza, angalia nani amekaa na nani

Jumamosi acha. Saluni imejaa wapambe wa harusi, muziki uko juu, kila mtu ana haraka. Siku za katikati ya wiki, asubuhi, ndizo nzuri. Wakiwepo mama mkwe na mkamwana chumba kimoja, ongeeni bei ya mahindi. Binti na mama yake vilevile: kila mmoja atakuwa anamwangalia mwenzake badala ya kukusikiliza wewe.

Dada wa baa ndio wepesi kuliko wote kuongea, ila wana jambo moja linalowakera, nami nakubaliana nao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walioshirikiana na hospitali ya rufaa ya KCMC waliwafuatilia wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na hoteli hapa Moshi, na walikuwa na sababu zao. Lakini mtaani ikageuka kuwa kila anayekuja na boksi la kondomu anakimbilia baa, na mke wa ndoa wa Kibosho anabaki anaamini mambo haya ni ya wengine. Kwa hiyo usitamke kabisa "makundi hatarishi" mbele ya mteja. Ukisema hivyo, aliye kwenye baa ameshatukanwa, na asiye wa baa ameshajitoa.

Mpe aishike

Weka karibu pakiti kadhaa za kondomu ya kike, chache za kiume, karatasi laini, na beseni la kunawia. Fungua mbele yao, kwa vidole. Saluni imejaa mikasi na nyembe na mkono unakimbilia huko wenyewe, sasa sema mapema: hapa hakuna mkasi wala wembe wala meno. Pakiti ina alama ya kuchania, tumia hiyo. Kabla ya kuchana, isugue kidogo kwa nje ili mafuta yaliyomo ndani yasambae.

Ikitoka tu, jiandae kwa kicheko. Wote wanasema kitu kilekile: "Mh! Mbona rambo?" Nami huwaambia rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, hii ndiyo iliyobaki. Wacheke mpaka waridhike. Halafu chukua kondomu ya kiume, ikunjue yote hadi mwisho, uilaze pembeni ya ile ya kike. Urefu unakaribiana, kama sentimita 17. Hii ya kike imezidi upana tu. Mwanamke akiiona ya kiume imekunjuliwa hivyo kwa mara ya kwanza, ananyamaza kidogo, kwa sababu siku zote ameiona ikiwa imekunjwa kama pete. Kwangu hicho ndicho kitendo kinachoondoa hofu kuliko maelezo yote, na kinachukua dakika moja.

Sasa mwachie aishike mwenyewe. Aingize vidole ndani, avute, apulize akitaka. Aone pete mbili: ya ndani, iliyo huru upande uliozibwa, na ya nje, iliyoshikamana na mdomo ulio wazi. Atasema inateleza. Ndiyo, na inatakiwa iteleze. Wapo wenye kumbukumbu ya ile ya zamani, ya miaka ya 1990, iliyotengenezwa kwa poliyurethani, ambayo ilikuwa na kelele. Nyingi za sasa ni za nitraili, malighafi ileile ya glovu za hospitali, ni laini na zinapata joto la mwili. Wengine watakutajia Lady Pepeta, maana jina hilo lilishatangazwa sana. Waache waeleze wanachokumbuka, hata kama ni kibaya.

Kuivaa

Onyesha kwa mkono wako. Kunja ngumi legevu, iwe na tundu juu, hiyo ndiyo njia ya uke. Binya pete ya ndani kwa kidole gumba na cha kati, pande zake zikutane, iwe nyembamba na ndefu. Ingiza. Kisha weka kidole cha shahada ndani ya kondomu yenyewe na usukume pete ile juu kadiri kidole kinavyofika, ipite mfupa wa mbele. Ikifika mahali pake huisikii tena. Ukiisikia inachoma au inabana, haijafika, sukuma tena. Pete ya nje inabaki nje, imelala juu ya mashavu, na ndiyo inayofunika ngozi ya pale ambapo malengelenge na kaswende hupenda kukaa.

Mkao ni hiari ya mtu. Kuchuchumaa, kusimama mguu mmoja juu ya stuli, kulala chali magoti juu. Wateja wangu wengi wanasema kuchuchumaa, kwa sababu ndivyo walivyozoea kunawa. Kucha ndefu za bandia ni tatizo la kweli, na sisi wenyewe ndio tunaowabandika. Mwenye kucha hizo mwambie asukume taratibu kwa sehemu ya nyama ya kidole, au amwombe mwenzi wake amsaidie. Wapo waliosema hapo ndipo mume alipoanza kuipenda.

Wakati wa tendo, mwanamke ashike pete ya nje na amwongoze mwenzake aingie ndani ya kondomu, asije akapita pembeni kati ya kondomu na ukuta wa uke. Akipita pembeni, au pete ya nje ikisukumwa ndani, simameni, rekebisheni au vaa nyingine. Mwisho, kabla hujainuka, sokota pete ya nje ili majimaji yasimwagike, vuta taratibu, funga kwenye karatasi, tupa kwenye taka au choo cha shimo. Choo cha kuvuta hapana, kitaziba na fundi atakuja kuitoa mbele ya wageni.

Mambo matatu yasiachwe. Ni ya tendo moja tu, haifuliwi. Haivaliwi pamoja na ya kiume, maana zinavutana na kutoka mahali pake. Na inavaliwa mapema: maelekezo mengi yanaruhusu hadi masaa 8 kabla, soma karatasi ya pakiti uliyo nayo. Hili la kuvaa mapema ndilo lililowaingia sana wanawake ambao waume wao hurudi na mbege kichwani. Saa ya kuvaa ni yake, haitegemei mwanaume aliyelewa kama atakumbuka au atakubali.

Mwambie ajaribu mwenyewe mara mbili tatu mchana, mlango umefungwa, kabla ya siku yenyewe. Anayeivaa mara ya kwanza kabisa gizani, kwa haraka, mtu anasubiri, ataichukia, na wewe hutaisikia tena habari yake. Ndiyo maana usimpe moja. Mpe nne au tano.

Kuhusu mimba mwambie ukweli. Kati ya wanawake 100 wanaoitegemea kwa mwaka, kwa matumizi ya kawaida ya watu, yaani leo anavaa kesho anasahau, kama 21 hupata mimba. Wanaoivaa sahihi kila mara ni kama 5. Asiyetaka kabisa mimba aendelee na njia yake nyingine ya Nyota ya Kijani, yaani uzazi wa mpango, na kondomu ikae juu yake kwa ajili ya magonjwa.

Yale wanayouliza ukishainama kuchukua kitana

"Haiwezi kupotelea tumboni?" Haiwezi. Juu ya uke kuna mlango wa kizazi, umefungwa, kondomu haina pa kupita. Chora kwenye karatasi.

"Mbona majimaji hivi?" Hapa kaa kidogo, usikimbie, maana nyuma ya swali hili kuna desturi nzima. Wanawake wengi hujiosha ndani kwa sabuni, wengine Dettol, wengine ndimu, wengine shabu, yale mawe meupe ya dukani, ili pawe pakavu na pabane. Wanaamini mwanaume anapenda hivyo, na mwenye kuteleza ataonekana mchafu au ametoka kwa mwingine. Usimcheke wala usimkaripie. Mwambie ndani ya uke kuna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya kujilinda. Sabuni inawaua, halafu uchafu wenye harufu unakuja, naye anaongeza sabuni. Ukavu unachubua, mchubuko unafungua njia kwa virusi, na kondomu ya kiume kwenye ukavu inapasuka. Maji ya kawaida, nje tu, yanatosha. Mtu haachi desturi hiyo kwa siku moja, ila nimeona wengi wakiacha Dettol kwanza, sabuni baadaye.

"Nipake Vaseline?" Kwenye ya kike ya nitraili, mafuta hayaidhuru. Kwenye ya kiume ya mpira wa kawaida, mafuta yoyote, iwe Vaseline, ya nazi au losheni, yanailegeza na kuipasua. Hapo ni kilainishi cha maji tu.

"Nasikia kuna jeli ya kupaka, mwanaume hajui." Swali hili linakuja sana, na lina haki ya kuja, maana ndicho kitu ambacho kila mwanamke angekipenda. Mwambie kilichotokea. Kemikali ya kuua mbegu iitwayo nonoxynol-9 ilijaribiwa kwa wanawake wa nchi nne, matokeo yakatangazwa mwaka 2000: walioitumia mara nyingi walipata VVU zaidi, kwa sababu iliwachubua. Ikaja jeli ya PRO 2000, ikajaribiwa nchi kadhaa, na Mwanza ilikuwemo. Desemba 2009 ikatangazwa kwamba haikinga. Ya tenofovir ilileta matumaini Afrika Kusini mwaka 2010, majaribio yaliyofuata hayakuyathibitisha. Kwa hiyo anayemuuzia jeli ya kuzuia UKIMWI sokoni Mbuyuni anamuuzia hewa. Ipo pete ya silikoni yenye dawa ya dapivirini, inakaa ukeni mwezi mzima, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021 kama nyongeza. Inapunguza hatari ya VVU kwa kiasi, na haigusi kaswende, kisonono wala mimba. Mimi siipigii debe. Kanuni yangu ni kutosifia bidhaa ambayo siwezi kumwonyesha mteja rafu inayokaa, maana akizunguka mji mzima asiipate, siku nyingine haamini hata iliyopo.

Iliyopo ni PrEP, dawa kinga ya VVU. Aulize kwenye kituo cha afya kinachotoa huduma za VVU. Atapimwa kwanza, na kwa mwanamke vidonge ni vya kila siku, si vya siku za wasiwasi tu. Kero yake kubwa kwa wateja wangu ni kopo. Vidonge vinagongana ndani ya mkoba, wifi anasikia, tayari amesambaza kuwa unatumia dawa za kufubaza VVU. Jaza pamba humo ndani, kelele inaisha. PrEP nayo haizuii magonjwa mengine ya zinaa, hivyo kondomu haijastaafu.

Na kwa wenye mabinti, chanjo ya HPV. Kirusi hicho huenea kwa ngono na ndicho chanzo cha saratani nyingi za mlango wa kizazi. Mkoa wa Kilimanjaro ulianza kuijaribu mwaka 2014, kabla nchi nzima haijaanza 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mama akisema itamfanya mtoto asizae, mwambie mabinti wa kwanza kuchanjwa hapa mkoani sasa ni watu wazima, wengine labda anawasikia wakilea. Yeye mwenyewe aende akapimwe mlango wa kizazi kwa siki, hospitali ya Mawenzi au kliniki iliyo karibu naye.

Maneno ya nyumbani, hasa Desemba

Moshi ina kalenda yake. Mwaka mzima mume yuko Kariakoo na duka lake, mke yuko Kibosho au Marangu na migomba na watoto. Inafika Desemba, barabara ya Dar inafurika magari, na kwa wiki mbili za sikukuu mnakuwa mume na mke. Kila mwanamke anayekaa kwenye kiti changu mwezi huo anajua hajui mwenzake ameishi vipi, na yeye pia huenda ana yake. Na wote wanapendeza kwa ajili ya hiyohiyo wiki. Kwa hiyo mimi naanza mazungumzo haya Novemba.

Asisubiri kitandani. Kitandani kondomu ni shutuma, hata ukiongea kwa sauti tamu. Aseme kwa simu, mume akiwa bado Dar, hana hasira wala bia. Na aanzie kwenye sababu ya kweli iliyo karibu naye, isiyomtaja mtu. Mteja mmoja tuliyepanga naye maneno hapa hapa, nikimfumua nywele, alisema hivi:

"Baba Glory, mtoto bado ananyonya na ile sindano inanitoa damu kila mara. Nimeiacha. Kuna kitu nakivaa mimi mwenyewe, wewe huvai chochote. Nimekuambia mapema usije ukashtuka."

Akauliza kitu gani. Akajibu: "Ukija utakiona, na ukinisaidia kukivaa utakijua."

"Wewe huvai chochote" ndiyo yenye nguvu. Mwanaume anayegombana na kondomu ya kiume mara nyingi anagombana na kuvalishwa. Lakini usimfundishe mteja kutunga ugonjwa au kumwambia mume kuwa daktari amelazimisha. Mume akienda kuuliza kliniki, mwanamke amekwisha. Na usimwahidi kwamba hataiona. Pete ya nje inaonekana na kuguswa.

Wengine wanajibiwa vizuri hadi wanapata ujasiri wa kusema, "Tupime wote kabla ya kipaimara cha mtoto." Sheria ya VVU ilirekebishwa mwaka 2019 na kujipima mwenyewe kukaruhusiwa, hivyo wasiotaka foleni wanaweza kutumia kipimo cha kujipima, na kikionyesha maambukizi waende kituoni kuthibitisha. Kipimo hicho hakioni kaswende wala kisonono.

Mwenye mume wa kupiga, usimsukume kabisa. Kwa huyo swali si kondomu. Ongea naye peke yake, mwelekeze Dawati la Jinsia polisi, na mweleze PrEP ambayo anaweza kuimeza kazini. Aliyebakwa, au mpira umepasuka na ana wasiwasi, awahi hospitali ndani ya masaa 72 apewe dawa za kuzuia VVU. Saa za mwanzo ndizo bora.

Akirudi kufumua

Usiulize "Uliitumia?" Atasema ndiyo ili usinune. Kwenye jaribio moja kubwa la vidonge na jeli lililofanyika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wanawake walio wengi walisema wanatumia, damu zao zikaonyesha dawa kwa chini ya theluthi moja. Hawakuwa waongo wabaya. Walikuwa na sababu zao ambazo hakuna aliyeziuliza vizuri. Mimi nauliza, "Ile ilikusumbua wapi?" Swali hilo linampa ruhusa ya kulalamika, na kwenye malalamiko ndipo unapata kazi yako: pete inabana, basi haikusukumwa hadi mwisho. Inapiga kelele, aongeze kilainishi. Mume alicheka, je, alicheka akaendelea au alicheka akatoka? Hayo mawili ni tofauti sana.

Akitaja kidonda, harufu, kuwashwa, au maumivu chini ya kitovu, acha ushauri, mpeleke kituoni, na mwenzake atibiwe pia. Akitibiwa peke yake ataambukizwa upya.

Akiba yako ya kondomu za kiume isikae karibu na drayaa wala dirishani kwenye jua, joto linaharibu mpira. Angalia tarehe ya mwisho kila unapochukua boksi jipya kituo cha afya, na andika kwenye daftari ulichotoa, bila majina. Vijana wa bodaboda hapo nje watasikia habari na kuja kuomba za kiume kwa mizaha mingi. Wape.